Ripoti ya maabara isiishie kwenye neno "hamira"

Mhariri,

Kila inaposemwa kwamba maambukizi ya fangasi kwenye damu yanaongezeka hospitalini, swali la kwanza liwe: mwaka huo zilioteshwa (kuwekwa maabara ili fangasi aliyemo akue) sampuli ngapi za damu? Wodi iliyopeleka sampuli mara tatu zaidi ya mwaka jana itapata wagonjwa wengi zaidi hata kama ugonjwa uko palepale. Basi idadi ya wagonjwa ihesabiwe kwa kila siku 10,000 za kulazwa, kando yake iandikwe idadi ya sampuli, na mgonjwa asihesabiwe mara mbili ndani ya siku 30. Damu nayo itoshe. Mtu mzima hutolewa mililita 20 kwa mkupuo, 10 kila chupa. Mililita tatu za kubahatisha hukosa fangasi aliyemo.

Kilichobadilika hasa ni aina ya fangasi. Zamani Candida albicans, mmoja wa fangasi wa Candida walio jamii ya hamira, ndiye aliyetawala, na dawa ya flukonazoli ilimmudu. Katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya wagonjwa 201 waliokuwa na Candida kwenye damu kuanzia Septemba 2010 hadi Desemba 2016, 77 walikuwa na Candida auris, ambaye kwa kawaida ni sugu kwa flukonazoli. Fangasi huyo alielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 tu. Ndiyo maana ripoti inayosema "hamira imeota" na kuishia hapo haimsaidii daktari kuchagua dawa.

Maabara ndogo ina pa kuanzia kutambua aina. Gusa doa la fangasi aliyeota kwa ncha ya kijiti, changanya kwenye nusu mililita ya seramu (majimaji ya damu) ya binadamu, weka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha tazama kwa hadubini. Albicans huchipua kijimrija kisichobana shinguni, yaani pale kinapotokea kwenye seli. Usizidishe saa tatu: Candida tropicalis naye huanza kurefuka na kumhadaa msomaji. Asiyechipua apelekwe maabara ya rufaa. Mashine za zamani zimewahi kumwita auris kwa jina la Candida haemulonii.

Majibu yakisubiriwa, mgonjwa mahututi aanzishiwe dawa ya fangasi ya mikafungini au nyingine ya kundi lake, na ikikosekana, amfoterisini B. Katheta (mrija) ya mshipa mkubwa itolewe mapema inapowezekana. Damu ioteshwe tena kila siku au kila baada ya siku moja, na siku 14 za dawa zihesabiwe tangu sampuli ya kwanza isiyoota fangasi, si tangu dozi ya kwanza. Hapa ndipo wengi huteleza.

Auris akithibitika, vyuma vya kitanda na mkanda wa kupimia presha vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha klorini ya 0.1%: mililita 30 za jiki ya 3.5% kwa lita moja ya maji, ichanganywe kila siku, na sehemu iliyopakwa iachwe na unyevu dakika 10. Kufuta na kukausha papo hapo ni kupoteza jiki.

Wataalamu wa maabara na udhibiti wa maambukizi,
Nairobi