Kwa mdogo wangu, kuhusu ubao wa picha ulioukataa

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na salamu za wifi pia zimenifikia. Umenieleza kwamba ubao wa picha niliomwachia binti yako, ile karatasi ngumu yenye miraba ya picha anazochagua ili kusema anachotaka, umeuweka juu ya kabati, kwa kuwa unaogopa kwamba akishazoea kuonyesha picha, ulimi wake utakuwa mvivu na hatajitahidi tena kuzungumza. Nimeamua kukujibu hadharani, bila kutaja jina lako wala lake, kwa sababu hofu hiyo hiyo naikuta kwa karibu kila mzazi ninayekaa naye katika kazi yangu ya elimu maalumu, na nimechoka kuijibu mlangoni, mzazi akiwa ameshavaa viatu.

Hofu yako imechunguzwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kutumia ishara za mikono, picha au vifaa vya kutoa sauti, wakaangalia usemi wao ulikwendaje baada ya hapo. Katika kesi 27 ambazo ushahidi wake ulikuwa imara zaidi, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulirudi nyuma. Asilimia 89 usemi wao uliongezeka, na waliobaki hawakubadilika. Ongezeko lenyewe mara nyingi lilikuwa dogo, nami sitakudanganya kwamba ubao utamfungua kinywa. Ninachosema ni kwamba haumfungi.

Tena unajua chanzo cha hali yake. Manjano yalipompanda katika wiki yake ya kwanza, bilirubini, yaani ile dutu inayoyapaka macho na ngozi rangi ya njano, iliingia katika ubongo na kuharibu sehemu za ndani zinazoratibu mijongeo. Ndiyo maana mikono yake hucheza bila kuagizwa, na ndiyo maana midomo, ulimi na pumzi havipatani anapotaka kutamka. Kuelewa ni jambo lingine: watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wa aina hii, yaani ulemavu wa mijongeo unaotokana na ubongo kudhurika, huelewa mengi kuliko miili yao inavyowaruhusu kuonyesha. Kwa hiyo wale jamaa wanaokushauri umpeleke akakatwe udata, ule utando ulio chini ya ulimi, waambie kwa heshima kwamba kasoro haiko kwenye ulimi bali kwenye amri zinazotoka ubongoni, na wembe hauzifikii.

Huenda siku moja atatamka maneno ambayo wewe na mama yake mtayaelewa, na huenda mgeni asiyaelewe maisha yake yote. Katika hali zote mbili, miaka hii unayoitumia kusubiri sauti ndiyo miaka ambayo mtoto hujenga lugha, na lugha haijengwi kwa kusikiliza tu bila kupata nafasi ya kujibu.

Umeuliza pia kuhusu ile mashine inayofuata macho na kusema kwa sauti. Ipo, na inafanya kazi, lakini bei yake ni maelfu ya dola, nayo hutegemea miale isiyoonekana kwa macho ambayo jua kali la barazani kwenu huivuruga. Siipingi, ikipatikana, tutashukuru. Ila usiifanye sababu ya kungoja. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza ambaye sauti yake ya kompyuta ilijulikana dunia nzima, alipopoteza uwezo wa kusema mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo ili apumue, alianza kwa kadi ya herufi: mtu alizigusa moja moja, naye aliinua nyusi herufi aliyoitaka ilipofikiwa. Karibu na kwetu zaidi, huko Kilifi, Kenya, watafiti wamefanya kazi na watoto wenye matatizo ya mawasiliano majumbani mwao vijijini, wakiwafundisha walezi njia zisizohitaji umeme, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Karatasi ngumu iliyopigwa laminesheni kwenye duka la stesheneri inatosha kuanzia.

Jambo la kwanza ni kumpatia "ndiyo" na "hapana" zisizo na utata. Wengi hufundisha mtoto aangalie juu kwa "ndiyo", lakini waliodhuriwa na manjano mara nyingi hushindwa kuyapandisha macho, kisha wanahesabiwa kuwa hawajaelewa swali. Kwa binti yako tumia kulia na kushoto: aangalie mkono wako wa kulia kwa "ndiyo" na wa kushoto kwa "hapana", na watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu huo huo. Baada ya hapo, kwa kuwa kidole chake hakifiki anapotaka, wewe ndiwe utakayepitisha mkono kwenye ubao: "Ni safu hii? Ni hii?" Akikubali safu, unapita mraba kwa mraba. Ukishauliza, nyamaza na uhesabu polepole moyoni hadi kumi, maana mwili wake unahitaji muda huo kujipanga. Sisi watu wa maneno mengi tunaona ukimya huo ni mrefu mno, tunajibu wenyewe, kisha tunasema mtoto hana la kusema.

Jambo la pili ndilo ninaloona linapuuzwa kuliko yote. Ubao si wa mtoto peke yake, ni wenu nyote. Hakuna mtoto aliyejifunza Kiswahili bila kusikia watu wakikizungumza, na huyu hatajifunza lugha ya picha bila kuwaona mkiitumia. Mama yake anapomsuka, aseme huku akigusa picha: "Bado kidogo", "Inauma?", "Pole", "Tumemaliza". Asimlazimishe kurudia wala asimtahini. Siku nyingi zitapita mtoto akitazama tu, na hilo lisikukatishe tamaa, kwani hata wewe ulisikia maneno karibu mwaka mzima kabla ya kusema "mama".

Ubao niliomwachia haukutafsiriwa kutoka ubao wa Kiingereza, na nilikuwa na sababu. Kitenzi chetu hubeba mtendaji, wakati na ukanushi kwa pamoja, kwa hiyo nimeweka mashina kama "taka", "penda", "enda" na "ona" upande mmoja, na watu pamoja na mraba wa kukataa upande mwingine. Akichagua mimi, kukataa, taka, uji, wewe mrudishie sentensi nzima, "Aa, hutaki uji," halafu umwache athibitishe. Atakapoanza darasa la kwanza tutaongeza chati ya silabi, ba be bi bo bu, ile ile iliyoko kwenye kuta za madarasa. Kiswahili kimetupa nafuu kubwa hapa, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mtoto huchagua safu ya konsonanti, kisha moja kati ya irabu tano, na neno "baba" linakamilika kwa machaguo machache. Picha zitamfikisha mbali, lakini tahajia ndiyo itakayomwezesha kusema jambo ambalo hakuna mtu aliyemchorea.

Akitokea mtu kukuambia kwamba ana mbinu ya kumshika mtoto mkono au kiwiko ili aandike mawazo yake, mkatalie. Mbinu hiyo ilipimwa katika miaka ya 1990 kwa kumwonyesha msaidizi picha moja na mwenye ulemavu picha nyingine, na kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona msaidizi. Chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani kilirudia mwaka 2018 kwamba isitumike. Unapompitishia mkono kwenye ubao bila kumgusa, jibu ni lake, na ukiwa na shaka unamuuliza tena.

Sasa nije kwenye maneno yaliyomkera wifi. Aliniambia kwamba maji, chakula, choo na kulala vinatosha, na kwamba "sitaki", "niache", "muongo wewe" na "nimekasirika" vitamfunza utovu wa adabu. Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Kaka zake wanakataa, wanalalamika na kutaniana kutwa nzima, na adabu wanafundishwa papo hapo, kwa sababu wana maneno ya kukosea nayo. Huyu akipewa maneno ya kuomba tu, tutakuwa tumemfundisha kwamba kinywa chake ni kwa ajili ya haja za mwili, basi.

Kuna na jambo zito zaidi, ambalo familia zetu hulizungukia. Mtoto asiyeweza kusimulia ndiye anayechaguliwa na mtu mwenye nia mbaya, kwa kuwa mtu huyo anajua hatasemwa. Nimeweka majina ya viungo vyote vya mwili, vya siri vikiwemo, pamoja na "amenigusa", "naogopa" na "nina siri". Usiyafunike kwa karatasi mgeni anapokuja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaja njia mbadala za kuwasiliana kuwa ni mawasiliano kamili, na haki ya kutoa maoni kwa njia hizo imewekwa katika ibara ya 21. Haki hiyo haikuwekewa mpaka wa maneno yanayopendeza.

Kabla sijaja, naomba umpeleke hospitali akapimwe usikivu, na umweleze daktari waziwazi kwamba alipata manjano makali. Manjano huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa usikivu huku sikio lenyewe likiwa zima, na kipimo kinachoangalia sikio peke yake kinaweza kumpitisha ilhali hasikii vizuri. Mwombe kipimo kinachofuata sauti hadi kwenye ubongo, hata kama mtahitaji rufaa.

Nitumie pia picha za watu wote wa nyumbani, majina mnayoitana, jina la timu anayoishabikia pamoja na wewe, na lile neno ambalo kaka zake hulitumia kuchokozana, hata kama unaona aibu kuliandika. Nikiyapata kufikia Ijumaa, ukurasa wa nyongeza nitaukabidhi kwa kondakta wa basi la Jumamosi.

Dada yako.