Mwanangu, usiingie chini ya hiyo gari bila stendi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto anatembea vizuri. Picha za hiyo Volkswagen Beetle kanionyesha kaka yako, wewe hukunitumia, na najua kwa nini hukunitumia, lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa sababu kwenye picha ya tatu miguu yako imetokeza chini ya gari, na viatu nimevitambua, na pembeni naona jeki. Jeki peke yake. Nimeikuza hiyo picha mpaka ikawa ukungu mtupu natafuta stendi, vile vyuma vya miguu vya kuikalisha gari ikishainuliwa na jeki, sijaona stendi, sijaona gogo la mbao, sijaona hata tairi la akiba limelazwa ubavuni.

Kama stendi zilikuwa upande wa pili ambao picha haikufika, niambie nitulie. Kama hazikuwepo basi usiingie tena huko chini mpaka uzipate. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kawaida, hilo ndo limenikalisha mezani saa hizi wenzangu wamelala.

Hongera kwanza, maana sitaki useme baba kaanza na ugomvi. Gari ya mwaka 1969, umeinunua kwa hela yako, hukukopa mtu. Ile video uliyomtumia kaka yako ya injini inaunguruma baada ya wewe kusafisha kabureta mwenyewe, nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na nimesikia imetulia, haikohoi. Nilimwita mama yako asikilize akasema yeye anasikia kelele tu. Mimi nimesikia. Lakini ungeniuliza kabla ya kununua! Kuuliza siyo kuomba ruhusa, umeshakuwa mtu mzima, ila kuna mambo yanaangaliwa kabla hela haijatoka mkononi na wewe umeona rangi inang'aa ukalainika moyo. Rangi mpya kwenye gari ya miaka hiyo inanipa wasiwasi kuliko kutu inayoonekana.

Ulivuta puli? Ile puli kubwa ya nyuma inayozungusha feni belti, injini ikiwa imezimwa unaishika kwa mikono miwili unaivuta na kuisukuma, mbele na nyuma. Ikiwa nzima huhisi kitu kabisa, ile nafasi ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukisikia inagonga tok tok basi injini inakaribia kufunguliwa yote na bei uliyolipa haikuwa bei yake. Nenda kaivute leo. Alafu inua kiti cha nyuma, angalia sakafu chini ya betri upande wa kulia, pale ndo huoza kwanza kwa ajili ya tindikali, na namba ya chesisi imegongwa hapo hapo katikati kwenye tuta, ilinganishe na karatasi za umiliki herufi kwa herufi. Na ukiwa hapo hakikisha betri ina kifuniko chake. Springi za kile kiti zikibonyea, mtu mzito akikaa nyuma, zinagusa vichwa vya betri na kiti kinawaka moto. Hii siyo hadithi, inatokea kwenye hizo gari.

Sasa kutu. Chukua sumaku, ifunge kwenye kitambaa usikwangue rangi, ipitishe kwenye zile boksi ndefu zinazokwenda chini ya milango kutoka mbele mpaka nyuma. Ndani yake ndo inapita hewa ya moto ya kupasha gari, na ndo uti wa mgongo wa bodi. Sumaku isiposhika ujue ni filla wamepaka, ule udongo wa kuzibia bodi, chini yake hakuna bati. Na hapa narudi kwenye picha ya tatu, maana ile jeki niliyoiona ni ile ya asili ya gari, ile ya mlingoti inayochomekwa kwenye kitundu cha mraba mbele ya tairi la nyuma. Kile kitundu kimeshikwa na hiyo hiyo boksi ninayokwambia inaoza. Unaweza kuinua gari vizuri, ikakaa dakika kumi, bati likachanika taratibu wewe uko chini unahesabu nati. Ile jeki iliwekwa ya kubadilishia tairi barabarani, mtu amesimama nje. Haikuwekwa ya mtu kulala chini.

Tafuta jeki ya magurudumu, na stendi mbili nzuri, usinunue zile nyembamba. Nyuma zikae chini ya lile bomba nene linalokatiza upana wa gari, lile linalobeba springi, na mbele chini ya ekseli yenyewe yenye mabomba mawili. Usiweke chini ya sakafu, itabonyea. Usiinue kwa injini, kile chuma cha injini ni chepesi kimechanganywa na magnesi, hakitaki kubebeshwa gari. Tofali la saruji pia usije ukaweka, linabeba vizuri halafu linapasuka mara moja bila kuonya. Ukishashusha gari kwenye stendi, litikise kwa bega lako kabla hujalala. Likicheza, anza upya. Bora lianguke umesimama.

Najua utasema baba mbona wewe ulikuwa unaingia na jeki tupu. Ndiyo, nilikuwa naingia. Uliniona ukiwa mdogo na pengine kwangu ndo umejifunza hivo, na hilo linanikera kuliko kuninyima picha. Siku ile spana namba 13 ilipovingirika huko chini nikakutuma wewe kwa sababu mkono wako mdogo, unaikumbuka, sina haja ya kuirudia.

Kitu watu hawakielewi ni hendibreki. Kwenye hizo gari hendibreki inakamata matairi ya nyuma tu. Sasa ukiinua nyuma yote mawili yako hewani, hendibreki inakamata nini? Hewa. Ukiweka gea ni hivo hivo, injini inashika matairi ya nyuma, na ukiinua moja tu lile la hewani linazunguka na gari inaondoka. Yaliyobaki chini ni matairi ya mbele na hayo hayana kitu kinachoyazuia, sakafu ikiwa na mteremko kidogo tu ambao jicho haliuoni, gari inatembea na jeki inalala. Kwa hiyo kabari mbele na nyuma ya kila tairi linalobaki chini, kila siku, hata kama unaingia kwa dakika moja kuangalia tone la oili. Mimi sikuweka kabari siku ile. Mama yako alikuita ndani ukatoka na spana yako mkononi ukaiacha pale kwenye ngazi, na ulipokuwa bado mlangoni gari ikashuka. Uliporudi ukanikuta nafagia oili ukaniuliza mbona sufuria imebonyea, nikasema nimeikanyaga. Sikuikanyaga. Basi, ndo hivo, kabari usisahau.

Tuendelee na kazi yenyewe, maana hutaki kukaa na gari usiyoijua. Hiyo injini haina rejeta, inapozwa na hewa ya feni na oili yake, na oili yenyewe ni lita 2.5 tu na haina filta ya kubadilisha, ina kichujio cha waya tu kinachooshwa. Kwa hiyo oili usiipe muda mrefu kama gari za kisasa, kila kilomita 5,000 imwage ikiwa ya moto, na ukifika kwenye lile bamba la duara lenye nati sita ndogo, kaza kwa kifundo cha mkono basi. Ukitia nguvu bolti zinang'oka na nyuzi zake kwenye chuma kile laini na utalia. Gasketi weka mpya.

Valvu nazo nafasi yake isetiwe kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, siyo imepumzika saa moja. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, iwe ya milimita 0.15, iingie kwa kukwaruza kidogo. Wengi wanaogopa valvu inayogonga, mimi naogopa inayonyamaza. Inayogonga ina nafasi. Iliyobana haikai sawasawa kwenye kiti chake, inaungua, siku moja kichwa kinakatika kinadondokea pistoni ukiwa safarini. Silinda namba 3 ndo mbaya, ya kushoto upande wa mbele, kwenye miaka hiyo kipozea oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake kwa hiyo inapata joto kuliko wenzake. Andika kwenye daftari kila unaposeti. Ukiona valvu ile ile inabana kila mara, inarefuka hiyo, ibadilishe kabla haijakatika. Na kwa kuwa vifuniko vya valvu viko chini ubavuni utataka kuinua nyuma ili ufike vizuri, si unaona, kila kazi ya maana ya hiyo gari inakupeleka chini. Oili chini, valvu chini, kubana breki chini. Ndo maana sitaacha kusema habari ya stendi.

Feni belti ikikatika taa nyekundu ya dinamo inawaka, wengi wanasema ni chaji tu ntafika, wanaendelea, wanaua injini, maana belti hiyo hiyo ndo inazungusha feni. Taa ikiwaka zima, simama. Tembea na belti ya akiba na spana yake.

Mipira ya petroli badilisha yote, usiiangalie ikoje, badilisha. Ya zamani inapasuka ndani, petroli za siku hizi zenye spiriti zinaila, inachirizika juu ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, na hapo pana cheche. Hiyo injini ikiwaka na ule mchanganyiko wa magnesi ukashika moto, maji yanauchochea. Mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari karibu na mkono wako. Mafuta ya breki nayo miaka 2 yakibaki yana maji ndani, toa yote weka mapya. Ngoma za breki za nyuma usipambane nazo mwenyewe, ile nati kubwa inakazwa karibu nyutoni-mita 300, mtu anajipachika kwenye bomba refu anavuta, na akivuta gari ikiwa juu anaiangusha mwenyewe. Ilegeze gari ikiwa chini kwenye matairi yake, na kabari. Tafuta mzee mmoja anayezijua hizo gari ukae naye, usione haya kushika tochi.

Kaka yako kamaliza mitihani, anasema imekwenda vizuri, tunasubiri. Chumba chako hatujakigusa ila cherehani imehamia humo kwa sababu kule ilipokuwa bati linavuja tena, fundi kaja mara mbili kapaka lami na bado linavuja pale pale. Mama yako anauliza ufunguo wa kabati dogo, anasema uliuondoa nao safari ile, angalia kwenye mkoba wako. Nguo zako za baridi ziko humo humo akiupata atakutumia.

Mjomba wako anakuja huko mwisho wa mwezi. Nimempa stendi zangu mbili, zile nzito za rangi ya bluu, nilizinunua wiki ile ile baada ya siku ya sufuria na nilipokuambia nimeazimwa na jirani haikuwa kweli. Kazilalamikia uzito nikamwambia abebe. Usianze oili wala valvu kabla hajafika. Hela za stendi nyingine usitumie, weka kwenye mipira ya petroli. Na zikifika nitumie picha mwenyewe, usimtumie kaka yako, na siyo picha ya gari, gari nimeshaiona. Nataka kuona stendi zikiwa chini yake na kabari kwenye matairi ya mbele, hata kama hujaingia bado.

Mvua imeanza sasa hivi ninavyoandika. Mama yako kaamka kwenda kuweka kitu pale panapovuja, na nimemsikia anatoa ile sufuria iliyobonyea maana haifai kupikia na kila mwaka nikitaka kuitupa anaikataa. Ngoja nikamshikie taa.

Baba yako