Picha kubwa juu, laana chini

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa wenu wa burudani, na nimeona kwamba kila wasanii wawili wa kike wa ng'ambo wanapobusiana mbele ya kamera, picha yao huchapishwa kubwa kuliko habari yenyewe, huku maneno yaliyo chini yake yakiwalaani. Ikiwa gazeti linaliona jambo hilo kuwa ni aibu, mbona linalipamba?

Mtindo huo hamkuuanzisha nyinyi. Mnamo Agosti 2003, katika tuzo za video za MTV, kituo cha televisheni cha muziki, jijini New York, mwimbaji Madonna aliwabusu waimbaji wenzake Britney Spears na Christina Aguilera jukwaani. Wengi wanalikumbuka busu la Britney pekee, kwa sababu mara tu baada yake kamera iliwaacha wanawake hao ikamwendea mwimbaji Justin Timberlake, aliyewahi kuwa mpenzi wa Britney, ili watazamaji wauone uso wake. Aguilera naye akabusiwa picha ikiwa kwingine. Tukio lilikuwa la wanawake pekee, lakini kilichotafutwa ni mwanamume ameonaje.

Mwaka huohuo, kundi la muziki la t.A.T.u. la Urusi, wasichana wawili walionadiwa duniani kote kama wapenzi, lilishika nafasi ya tatu katika shindano la nyimbo la Eurovision, na baadaye wenyewe wakakiri kwamba hawakuwa wapenzi. Sisemi kwamba wote huigiza. Mchekeshaji wa Marekani Ellen DeGeneres alijitangaza mwaka 1997 kuwa anapenda wanawake, na kipindi chake cha televisheni kikafutwa mwaka uliofuata. Hapo ndipo ninapokwazwa: wanaojifanya hupigiwa makofi, na aliyesema kweli akakosa kazi.

Nasi Kenya tuna yetu. Filamu ya Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi bila ya kuwafanya kuwa tamasha la macho ya wanaume. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu mwezi Septemba, tena kwa watu wazima pekee. Wakati huohuo, video za muziki ambamo wanawake hupapasana ili wimbo uuzike zilikuwa zikionyeshwa ndani ya matatu zetu, watoto wa shule wamo (na sauti, bila shaka, imefunguliwa hadi mwisho).

Sisi wanawake wa Mombasa tumezoea kushikana mikono tukipita Marikiti, kulaliana mapajani tukisukwa nywele, na kukumbatiana hadi machozi kwenye shughuli za harusi. Sasa wapo vijana wanaoyatazama hayo kwa jicho walilofunzwa na picha kama zenu, na binti huona haya kupiga picha na shoga yake, yaani msichana rafiki yake, asije akasemwa.

Ombi langu ni dogo. Msanii akitoa wimbo, andikeni habari za wimbo. Akieleza maisha yake na anayempenda, yaandikeni kwa maneno yake mwenyewe, kwa ukubwa uleule wa picha mnaoutumia kwa ndoa za wasanii wengine.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa