Heri ya Krismasi kutoka Tabora, maembe yakiiva

Mwangaluka, ndugu zetu waongoza safari na wapagazi, mlio hapa Unyanyembe, mlio Ujiji, nanyi mliokwenda kutafuta riziki Kilimanjaro! Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Mvua zimeshika. Mwezi kama huu kirangozi wa Kinyamwezi, yaani kiongozi wa njia wa msafara, hakupenda kuwa njiani, jembe lilimngoja. Misafara iliondoka baada ya mavuno, njia zikiwa kavu. Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza, walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, wakaondoka Desemba katikati ya matope. Februari 1858 waliingia Ujiji, Burton hoi kwa maradhi, Speke macho hayaoni vizuri. Alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India, ambaye baadaye alikuwa mnyapara, msimamizi wa wapagazi, katika safari za wavumbuzi Stanley na Cameron.

Kazi ya mnyapara ilianza kwenye hesabu. Posho ni kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, karibu gramu 700. Watu 100 kwa siku kumi ni kilo 700, yaani mizigo 22 ya frasila mbili mbili (frasila ni karibu kilo 16), na hao 22 nao wanakula! Ndiyo maana walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, na ushanga, wakanunua chakula vijijini. Mgunda Mkali, nyika kame kati ya Ugogo na Unyanyembe, vijiji vilikuwa haba na maji shida, kitambaa hakinunui kitu. Asiyejaza posho kabla ya kuingia, wapagazi walimtoroka usiku.

Mtumba wa nguo ulikazwa kwa kamba kama mto mrefu wa kulalia, ukazungushiwa fito zenye panda. Mpagazi akipumzika aliuegemeza mtini, akauchukua tena bila kuinama sana. Kamba ikilegea, nguo huteremka upande mmoja, bega huchubuka, na mwenye kidonda hubaki nyuma. Tena Mnyamwezi alibeba begani, mtu wa pwani kichwani. Kuwabadilishia mizigo ni kujitafutia ugomvi.

Leo Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Wazee wale wangecheka, au wangeuliza mbona mmechelewa.

Mnaopumzika msimu huu, anikeni mahema yakauke kabisa kabla ya kukunja, ukungu hula mishono kwanza. Ndugu wa Ujiji, reli ya Kigoma ipo tangu 1914: maembe tunayasubiri.