Kodi ya India haikuanza na Waingereza

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile makala yenu ya historia ya kodi imenishinda kuvumilia. Mlisema kabla ya Waingereza, wafalme wa India walijichotea tu mazao ya wakulima, bila daftari wala hesabu.

Si kweli! Arthashastra, kitabu cha kale cha India kuhusu utawala, kinachohusishwa na Kautilya, mshauri wa mfalme, kinapanga idara nzima ya kodi. Juu yupo samaharta, msimamizi wa mapato; sannidhata anatunza hazina. Chini kabisa yupo gopa, mwenye vijiji 5 au 10, anayeandika mipaka, mashamba yanayolimwa na yasiyolimwa, nyumba zinazolipa na zilizosamehewa, watu na mifugo yao. Fungu la mfalme kwa kawaida ni sehemu 1 kati ya 6 ya mavuno. Kisha wapelelezi waliojifanya raia wa kawaida wanapita kuhakiki alichoandika gopa. Hesabu zinafikishwa mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindi, kama Juni-Julai, na ofisa asiyekuwa tayari anatozwa faini. Kitabu hicho kinataja njia 40 za kuiba mali ya serikali, na kinaonya kwamba kumgundua ofisa anayekula ni kama kumjua samaki majini anakunywa maji saa ngapi. Mtu asiyejua daftari angezihesabuje njia 40 za kulichezea?

Binti yangu aliandika hayo kwenye kazi ya nyumbani. Mwalimu akamkata alama, na ushahidi aliomwonyesha ni gazeti lako. Mtoto amerudi analia, haki yake imepotea, na mimi sina la kumwambia mwalimu kwa sababu "gazeti limeandika". Tena vitabu anavyosomea vinaianza India mwaka 1498, Mreno Vasco da Gama anapofika Calicut, pwani ya India, akitokea Malindi, kana kwamba Wahindi walikuwa wamelala wakimngoja yeye. Nani anavipitisha vitabu hivi?

Ninachotaka ni marekebisho, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, si pembeni chini ya matangazo ya viwanja. Wekeni na picha ya nguzo ya Ashoka, mfalme wa India ya kale, iliyoko Lumbini, Nepal ya leo. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme huyo alichonga kwenye jiwe kwamba kijiji hicho alikozaliwa Buddha kimesamehewa kodi ya bali, na kitatoa sehemu 1 tu kati ya 8 ya mavuno. Nakala ya kwanza nitampelekea mwalimu yule mwenyewe.

Mzazi, Morogoro