Barua kwa mwanangu: Umemwuliza?

Mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Ujumbe wako wa kazi mpya ya mbali tumeupata. Mama yako aliusoma kwa sauti, dada yako akapiga makofi, nami nikashukuru moyoni. Usije ukadhani sikufurahi. Ila nilipokuuliza mchumba wako anaionaje hiyo safari, ulinijibu kwa mstari mmoja: "Atanifuata tu, baba, mimi ndiye kichwa." Tangu hapo usingizi unanipita. Umemwuliza?

Sisemi umemwarifu. Najua umemwarifu. Nauliza kama ulimwuliza kabla hujasaini, wakati jibu lake lingeweza bado kubadilisha kitu. Naye ana kazi aliyoihangaikia, ana wazazi wanaomtazamia, na ana akili ambayo wewe mwenyewe ulitusifia ulipomleta hapa mara ya kwanza. Siku ile nilimwuliza swali dogo tu, la masomo yake, akakutazama wewe kwanza ndipo akajibu. Mama yako naye aliliona. Tulinyamaza kwa sababu ya ugeni.

Halafu dada yako akanitumia rekodi ya mafundisho uliyowapa vijana kuhusu ndoa. Nimeisikiliza yote. Unasema vizuri, mwanangu, Maandiko unayasoma kwa ufasaha, na wako wazee wa kanisa ambao hawawezi kusimama mbele za watu kama ulivyosimama wewe. Nilijivuna, na Bwana anisamehe kwa hilo. Lakini nilisikia pia mahali ulipofunga Biblia. Ulianza Waefeso 5 kwenye mstari wa 22, ukaishia wa 24. Mistari mitatu ya mke ukaieleza mpaka ikaisha utamu. Minane inayofuata, kuanzia wa 25 hadi wa 32, ambayo anayesemeshwa ni mume, uliipitia kwa maneno matatu, "na wanaume tupende", watu wakacheka, ukaendelea na mengine. Mstari wa 21, unaowaambia waamini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo, hukuugusa. Nani alikufundisha kuanzia pale? Hilo usinijibu.

Mimi sikatai kwamba mume ni kichwa. Imeandikwa, na sina kifutio. Najua Wakristo wanaompenda Bwana hawakubaliani: wako wanaosema neno la mwisho ni la mume, na wako wanaosema mume na mke huamua wakiwa sawa, kila upande na Biblia yake mkononi. Sitaki kukuingiza katika mabishano hayo kabla ya harusi. Nataka uone kitu ambacho pande zote mbili zinaweza kukisoma kwa macho yao: maneno ya kutii ameandikiwa mke mwenyewe, kama mtu mzima anayesikia na kuitika kwa hiari yake. Mume hakuandikiwa popote kwamba amtiishe mkewe. Si kwa Paulo, si kwa Petro. Mume ameambiwa apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, "akajitoa kwa ajili yake". Ameambiwa na Wakolosai 3 asiwe na uchungu naye. Ameambiwa na Petro akae naye kwa akili na kumpa heshima, kama mrithi mwenzake wa neema ya uzima, kusudi maombi yenu yasizuiliwe. Fikiria hilo, wewe unayependa kuongoza mikesha. Petro anasema namna unavyomtendea mkeo inaweza kukufungia maombi yako.

Sasa nikuulize tena, ni Kristo gani huyo unayemfuata katika jambo hili la kazi? Yule wa Yohana 13 alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, ndipo akavua vazi lake, akajifunga kitambaa, akaosha miguu, na ya Yuda ikiwamo. Mamlaka yote alikuwa nayo, na akaenda nayo chini sakafuni. Waliokuwa wakibishana nani mkubwa kati yao aliwaambia kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, na kwamba kwao haitakuwa hivyo. Hakusema haitakuwa hivyo isipokuwa nyumbani.

Na alikubali kujibiwa. Yule mama Msirofoinike wa Marko 7, mgeni asiye Myahudi aliyekuja kumwombea binti yake, alipoambiwa kwamba si vizuri kuchukua chakula cha watoto na kuwatupia mbwa, hakuondoka kimya. Alijibu kwamba hata mbwa chini ya meza hula makombo ya watoto. Bwana hakumwambia ajue mipaka yake. Alimwambia, "Kwa sababu ya neno hilo, enenda zako", na binti yake akawa amepona. Ikiwa Kristo mwenyewe alivumilia mwanamke amrudishie neno, tena akamsifu, wewe na mimi ni nani?

Katika rekodi umetumia pia Mwanzo 3:17, kwamba Adamu aliadhibiwa kwa kuisikiliza sauti ya mkewe. Vijana wakaitika amina. Soma sentensi yote, mwanangu. Kosa lake ni kula matunda ya mti alioamriwa asiyale. Kusikiliza si dhambi, maana sura ya 21 mstari wa 12 ni Mungu huyohuyo anayemwambia Abrahamu aisikilize sauti ya Sara katika lolote atakalomwambia, tena katika jambo lililokuwa likimchoma moyoni. Na lile neno "atakutawala" la 3:16 limesimama karibu na miiba, michongoma na jasho la uso. Miiba tunaing'oa bila kumwomba mtu radhi.

Umewahi kumsoma Nabali vizuri? 1 Samweli 25. Kondoo elfu tatu, mbuzi elfu moja, na nyumba ambayo hakuna aliyeweza kusema na mwenye nyumba. Mtumishi wake mmoja ndiye aliyesema hivyo, kwamba mtu hawezi kusema naye, ndiyo maana akamwendea Abigaili, mke wa Nabali. Nabali alikuwa amewatukana watu wa Daudi, na Daudi alikuwa njiani na watu kama 400 wenye panga. Abigaili akapakia mikate na divai juu ya punda, wala hakumwambia mumewe, akaenda kuinama njiani, na nyumba ikapona. Daudi akambariki Mungu kwa ajili yake. Mimi jambo linalonitisha katika hadithi ile si Daudi. Ni yule mtumishi. Alijua hatari inakuja, na hapakuwa na mlango wa kupitia kwa bwana wake.

Upande wa pili yuko Safira, Matendo 5. Yeye alimfuata mumewe Anania katika mpango wa kuficha sehemu ya fedha ya kiwanja walichouza, akijua. Anania alipokwisha kuzikwa, Petro alimwuliza Safira peke yake, kama saa tatu baadaye, na hakumwambia kwamba amesalimika kwa kuwa alimtii mume. Alipewa nafasi yake mwenyewe ya kusema kweli. Kwa hiyo usimfundishe mkeo kukuitikia kila kitu ukadhani unamjenga kiroho. Siku utakapopotea, na utapotea, utahitaji mtu mmoja ndani ya nyumba anayeweza kukuambia hapana bila kutetemeka. Je, huyu binti anaweza? Amewahi? Kumbuka mara ya mwisho aliyokukatalia jambo, kisha kumbuka ulifanya nini baada ya hapo. Kama huikumbuki hiyo mara, hapo ndipo pa kuanzia, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mama yako alikuwa akiimba kwaya, unajua? Sauti ya kwanza. Ulipozaliwa alikuwa ameshaacha. Sababu muulize yeye, si mimi.

Nikupe na haya, hata kama hayana mpangilio. Mshahara wako autie machoni, wote, na makato yake. Usimsahihishe mbele za watu. Yako ya kusahihishwa nayo ni mengi. Hata kunyimana kwa muda kwa ajili ya sala, 1 Wakorintho 7 inasema mpatane kwanza, na mstari kabla ya huo unasema mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe, kama vile mke naye juu ya wake. Ukisikia mtu anauhubiri upande mmoja tu wa mstari huo, ondoka. Mkishindwa kuafikiana, ngojeni. Mengi tunayosema hayawezi kusubiri yanasubiri vizuri tu. Yanayoharakishwa na kiburi ndiyo hayasubiri. Na Priskila mkumbuke, aliyekaa na mumewe Akila wakamweleza mhubiri Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Maandiko hayasemi Akila alipungukiwa na kitu.

Mkono wako usimwinukie. Wala sauti ile ya kumfanya mtu ajikunyate, unaijua. Ikitokea, nimeshamwambia mama yako amweleze kwamba mlango wetu uko wazi kwake, na sitamrudisha kwako kwa kisingizio cha mstari wowote. Najua litakuuma kulisoma hili kabla hata hujaoa. Liache likuume.

Sikuambii uikatae kazi. Huenda ikawa ndiyo njia ya Bwana kwenu ninyi wawili. Lakini kama bado siku zipo za kuthibitisha, mpigie leo, mwambie ulikosea kuanza mwisho, umwulize kana kwamba hujaamua, kisha unyamaze mpaka amalize. Usimsaidie kumaliza sentensi. Una tabia hiyo. Halafu niandikie alichosema kwa maneno yake, si ufupisho wako. Akisema hataki, nitataka kujua pia wewe ulisema nini.

Mama yako amesoma kurasa za mwanzo akasema nimekuwa mkali kwa mtu anayejiandaa na harusi. Hakusema nimekosea. Anakusalimu, na anasema suti usiinunue bila kuijaribu, mabega yako hayalingani.

Paa la upande wa chumba chako linavuja tena. Fundi alikuja akatazama, akaahidi kurudi, na hadi sasa hatujamwona. Tumeyasogeza masanduku ya vitabu vyako katikati ya chumba tukayafunika kwa turubai. Kama mtahama kweli, masanduku hayo yachukuliwe kabla ya mvua, au utuambie yapi tugawe. Yale ya chuo dada yako anayataka, anaanza masomo mwakani. Cheti chako cha ubatizo kiko kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati langu; mchungaji atakiomba, basi usisubiri hadi wiki ya mwisho. Orodha ya wageni wa upande wetu mama yako anaitaka ikiwa na majina yaliyokubaliwa na nyote wawili. Ile uliyoituma ina mwandiko wako peke yako.

Ni mimi,
Baba yako