Mwanangu, kuhusu kile kipindi chako cha wanyama wa maabara

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, natumai na wewe pia. Meseji yako nimeisoma, kwamba umepangiwa kufundisha maadili ya utafiti kwa wanyama na unaogopa darasa litaishia kwenye kelele tu, hawa wanasema panya wanaonewa na wale wanasema bila panya hakuna dawa. Nimeona nikuandikie barua kabisa manake miaka yote ile ya kulisha na kusafishia wanyama wa maabara ndo kazi iliyokusomesha, na kwa kweli sipendi hili somo linavyofundishwaga.

Linafundishwa kuanzia mwisho. Mwalimu anaanza na ushindi, anasema watafiti Banting na Best walifanya majaribio kwa mbwa kule Toronto mwaka 1921, mwaka uliofuata kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari akachomwa insulini akapata nafuu, alafu ndo anawauliza watoto eti ilikuwa sawa? Mtoto gani hapo atasema hapana? Jibu umeshampa. Lakini kamati ya maadili, ile inayotoa kibali cha majaribio, ikikaa na maombi ya mtafiti haijui kama hiyo dawa itafanya kazi, na mara nyingi haifanyi, wanyama wamekufa na dawa hakuna. Uamuzi wenyewe ndo huo, unaamua ukiwa hujui, na nataka wanafunzi wako waamue hivyohivyo.

Kwa hiyo wape kisa nusu. Waambie ni Mei 1940, Oxford, vita imepamba moto, mwanasayansi Florey na wenzake wana unga kidogo wa kahawia walioutoa kwenye ukungu na hawajui kama utaweza kuua bakteria ndani ya mwili wa kiumbe hai. Wana panya wanane. Wote watachomwa bakteria wa kutosha kuwaua, wanne watapewa dawa, wanne hawapewi kitu. Hapo nyamaza, waache wabishane hao wanne wengine wafe kwa nini. Atatokea wa kusema si wapewe wote tu, na mwenzake atamjibu ukiwapa wote utajuaje ni dawa iliyowaponya, na mwingine atasema basi tumia wawili tu, hapo uliza kama panya mmoja akipona na mmoja akifa utajuaje si bahati. Hili watu wengi hawalifikirii kabisa, kwamba kutumia wanyama wachache mno nako ni kuwaua bure maana hupati jibu lolote la maana. Mwishoni ndo uwaambie kwamba kufika saa tisa na nusu usiku wale wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote wanne, na waliopewa penisilini wako hai.

Usiishie hapo lakini, utakuwa umewapa ushindi tena. Wapeleke London mwaka 2006, vijana sita wa kujitolea wamechomwa dawa mpya, dozi ndogo mara 500 kuliko ile ambayo tumbili walipewa wasidhurike, na ndani ya masaa machache wote sita hali mbaya kabisa, viungo vya ndani vinagoma kufanya kazi. Waliokolewa wote lakini tumbili hawakuonyesha dalili ya hatari hiyo. Alafu warudishe Marekani 1937, dawa ya maji ya salfa imeyeyushwa kwenye kemikali ya sumu na kuuzwa bila kupimwa sumu kwa mnyama yeyote, wakafa watu zaidi ya 100, watoto wengi wakiwemo, na sheria ya 1938 ya kudai usalama upimwe kabla ya kuuza ikatokana na vifo hivyo. Visa hivi viwili visomwe siku moja, tafadhali, usivitenganishe, mwanafunzi akipata kimoja tu anatoka na msimamo wa nusu ukweli.

Baada ya hapo maswali ya wanasayansi Russell na Burch ya mwaka 1959 yatawaingia wenyewe, yaani je hatuwezi kutumia seli au kompyuta badala ya mnyama, je idadi inaweza kupungua, je maumivu yanaweza kupunguzwa. Hilo la tatu watu wanalipita haraka na mimi ndo naliona kubwa kuliko yote. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba panya akinyanyuliwa kwa mkia anakuwa na woga, lakini akiingia mwenyewe kwenye kijibomba au akibebwa viganjani anatulia. Kitu kidogo hivyo, hakina gharama, na watu walishanyanyua mikia miaka na miaka. Waambie hata mtu mwenye jaribio lenye kibali bado ana deni kwa yule mnyama kila siku anapofungua kizimba.

Kuhusu vipodozi sina maneno mengi, kumtia sungura kemikali machoni kwa ajili ya shampuu mimi sioni utetezi wake, na Umoja wa Ulaya tangu 2013 hauruhusu kuuza vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama. Ila haya ni maoni yangu, yako na yangu wasiyasikie mpaka wameandika ya kwao.

Na kuwa makini na watoto wawili hasa. Kuna yule atakayelia, usiruhusu mtu amcheke, huruma yake haimaanishi hajaelewa sayansi. Na kuna yule anayejichoma insulini kila siku, asije akaona darasa zima linamhukumu kwa kuwa hai. Video za kutisha achana nazo, zinawafunga midomo hawafikiri tena. Na siku ya kupasua mnyama atakayekataa mpe modeli au picha, maksi zake ziwe zilezile.

Watakachoandika nipigie picha unitumie, hasa wale watakaowanyima Florey kibali, nataka kusoma sababu zao.

Baba yako